Swichi Inapotoa Taarifa

Novemba 2002, mtandao wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulielemewa na data zilizozunguka bila kikomo kati ya swichi zake. Kwa takriban siku nne madaktari na wauguzi walirudi kwenye karatasi. John Halamka, aliyesimamia teknolojia ya habari hospitalini hapo, aliueleza mkasa huo hadharani ili wengine wajifunze.

Swichi ndiyo inayounganisha kompyuta, simu na kamera za jengo, ikipeleka kila data kwenye tundu lake. Ni kifaa kinachosema sana. Waya ukichomoka, feni ikisimama au mtu akikosea nywila, swichi huandika mstari mmoja wa taarifa: logi. Utaratibu unaotumika zaidi, syslog, ulibuniwa na Eric Allman miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kila ujumbe hupewa daraja kuanzia 0 hadi 7. Namba ikiwa ndogo, hatari ni kubwa.

Tatizo ni mahali logi zinapokaa. Nafasi ndani ya swichi ni finyu, hivyo ujumbe mpya hufuta wa zamani, na umeme ukikatika mara nyingi zote hupotea. Ndiyo maana mafundi huzituma kwenye seva ya pembeni, na kulinganisha saa za vifaa vyote ili ijulikane hitilafu ilianzia wapi.

Lakini syslog ya kawaida hutuma bila kuhakikisha ujumbe umefika, na mtandao uliozidiwa unaweza kuupoteza njiani. Pengo hilo huzibwa na SNMP, utaratibu wa mwaka 1988: seva huiuliza swichi hali yake kila baada ya dakika chache. Isipojibu, ukimya huo ni taarifa tosha.

Kengele zinazomwita fundi ujumbe unapoingia nazo zahitaji kuchujwa. Kwenye swichi nyingi za Cisco, karani akizima kompyuta yake jioni huandikwa ujumbe wa daraja la 3, sawasawa na njia kuu inapokatika. Fundi anayeamshwa kwa yote mawili ataacha kuamka. Kengele iwekwe kwa njia kuu, umeme, feni na joto tu; mengine yasomwe asubuhi.

Programu za kupokea logi, kama rsyslog, ni za bure, na kompyuta ya kawaida yatosha kwa mtandao mdogo. Zahanati na shule zenye swichi zisisubiri mtandao uzime ndipo zianze kusoma logi.