Gari kuukuu likila oili, lipimwe kwanza

Wafanyabiashara wa Igunga wanaosafirisha mpunga kwa pikapu kuukuu wanaweza kumaliza mtaji kwa kufungua injini, kumbe oili inavuja tu.

Mwenye gari aanze kuangalia matone mahali lilipolala. Kisha ajaze oili hadi alama ya juu, apime tena baada ya kilomita 1,000. Ikipungua lita nzima, kuna hitilafu.

Mlima Sekenke, barabara ya kwenda Singida, husaidia kuitambua. Moshi wa bluu ukitoka mfululizo gari likipanda na mzigo, ringi za pistoni zinashukiwa. Ukitoka ghafla dereva anapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu, zinashukiwa sili za valvu, ambazo kwa kawaida ni nafuu zaidi kubadilisha.

Fundi apime mgandamizo wa silinda kabla ya kufungua injini.