Kobe Aliyenaswa Wavuni Huenda Hajafa

Wavuvi wa Mwaloni Kirumba, Igombe na Kayenze wanaifahamu hali hii: wavu unavutwa alfajiri, na pamoja na samaki anatoka kobe wa majini aliyezongwa na nyuzi, hatikisiki. Mara nyingi huhesabiwa kuwa amekufa, akatupwa kando. Hukumu hiyo huweza kuwa ya haraka mno.

Kobe hana matamvua kama samaki. Hupumua kwa mapafu. Akizuiwa chini ya maji hukosa hewa, akazirai. Ndugu mvuvi, zikate nyuzi kwa uangalifu pasipo kumvuta shingo wala miguu. Mlaze kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma ikiwa imeinuliwa kidogo ili maji yamtoke, umfunike kwa kitambaa chenye unyevu. Mpe saa kadhaa. Huenda akazinduka.

Taabu nyingine ni gamba lililopasuka kwa panga, kwa gurudumu au kwa mawe ya watoto. Wako wanaodhani gamba ni ganda kavu lisilo na maumivu. La hasha! Gamba ni mfupa hai ulioungana na mbavu na uti wa mgongo. Lina damu na mishipa ya fahamu. Kwa kuwa ni mfupa hai, huunga, ingawa huchukua miezi mingi. Usilipake tope wala mafuta, wala usimrudishe majini jeraha likiwa wazi. Mweke katika boksi safi, mbali na nzi, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Aliyemeza ndoana naye asing'olewe kwa nguvu. Ukate uzi, ukiacha kipande cha kushika, mengine umwachie mtaalamu.

Kazi hii si ndoto. Huko Watamu, pwani ya Kenya, juhudi zilizoanza mwaka 1997 zimezaa zahanati ya kasa wa baharini, na wavuvi wenyewe ndio wanaotoa taarifa za kasa walionaswa. Huko Nungwi, Unguja, tangu mwaka 1993 wanakijiji wamewatunza kasa katika bwawa la asili la Mnarani na kuwarejesha baharini.

Mwanza nayo haikosi pa kuanzia. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Maofisa wa wanyamapori, maofisa uvuvi na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vipo mialoni. Wapewe taarifa upesi, kwani kumfuga mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa kisheria. Akipona, arudishwe palepale alipopatikana.

Kobe huchukua miaka mingi kukomaa na kutaga, hivyo kifo cha mmoja aliyekomaa ni hasara isiyofidiwa upesi. Wazazi, wakatazeni watoto kumfanya shabaha ya mawe. Wavuvi, nyavu chakavu zisiachwe ziwani, maana wavu uliotelekezwa huendelea kunasa wakati mwenyewe amelala.