Folda ya Pamoja Inapokataa Kufunguka
Katika ofisi nyingi ndogo, kompyuta hazikununuliwa siku moja wala hazikutoka mkono mmoja. Zahanati yaweza kuwa na mbili zenye Windows, moja ya Mac ya mganga mwenyewe, na nyingine kuukuu iliyowekewa Linux ili iendelee kufaa. Zote zahitaji mafaili yaleyale: kumbukumbu za wagonjwa, orodha ya dawa na hesabu za mwezi. Kazi ya kuziunganisha hufanywa na seva ya mafaili, na aghalabu seva hiyo huendeshwa na programu iitwayo Samba.

Asubuhi moja folda ya pamoja hukataa kufunguka. Fundi huitwa, hukaa nusu saa, folda hufunguka, naye hulipwa na kwenda zake. Swali ambalo mlaji hulisahau ni hili: je, fundi ameutafuta mlango uliofungwa akaufungua, au ameing'oa milango yote? Kwa macho, matokeo hufanana. Hata hivyo, kazi ya kwanza huiacha nyumba salama, na ya pili huiacha wazi usiku na mchana. Tunaeleza hapa namna ya kuzitofautisha.

Samba ni nini?

Windows huzungumza na seva za mafaili kwa itifaki iitwayo SMB, yaani utaratibu wa maswali na majibu unaoeleweka na pande zote mbili. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alianza kuandika programu ya kuiwezesha kompyuta ya Unix kujibu maswali ya namna hiyo. Hakuwa na kitabu cha maelezo. Alichunguza ujumbe uliopita kwenye waya, akaujua kidogo kidogo. Jina Samba lilipatikana kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo.

Ugumu wa kujifunza bila maelezo ulikuja kuwa suala la ushindani wa kibiashara. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliiamuru Microsoft iwape washindani wake maelezo ya itifaki zake. Septemba 2007 mahakama ya Ulaya iliuthibitisha uamuzi huo, na Desemba mwaka huohuo njia ikapatikana ya kuwafikishia waendelezaji wa Samba maelezo hayo kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2012, liliweza kusimamia watumiaji kwa mfumo wa Active Directory, kazi ambayo awali ilihitaji seva ya Windows.

Leo Samba hutolewa bure pamoja na msimbo wake, nayo imo ndani ya vifaa vingi vya kuhifadhi mafaili vinavyouzwa madukani, hata pale ambapo jina lake halikuandikwa kwenye boksi.

Milango minne ya kukaguliwa kwa zamu

Tunashauri ukaguzi ufuate mpangilio huu, kwa kuwa mlango wa mbele ukiwa umefungwa, hakuna faida ya kuhangaika na ule wa nyuma.

1. Njia. Hakikisha seva imewaka na kebo imeshika. Kisha ifungue folda kwa anwani ya namba badala ya jina la seva. Namba ikikubali na jina likikataa, tatizo liko katika utafutaji wa majina, wala si katika seva. Vyote viwili vikikataa, ichunguzwe faiwoli ya seva, ambayo sharti iziruhusu kompyuta za ofisini kupita katika poti namba 445.

2. Lugha. SMB ina matoleo, na toleo la kwanza limepitwa na wakati. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 Windows 10 ilianza kusakinishwa bila toleo hilo, na Samba ikalizima kwa kawaida kuanzia toleo lake la 4.11 la mwaka 2019. Basi ikiwa kompyuta mpya inakataliwa huku zile za zamani zikipita, yawezekana kifaa chako cha kuhifadhia mafaili kinajua lugha ya zamani pekee.

3. Utambulisho. Seva ya Samba inayojitegemea huwa na orodha yake ya manenosiri, tofauti na ile ya Linux iliyo chini yake. Mfanyakazi aliyebadilishiwa nenosiri upande mmoja huweza kukataliwa upande wa pili. Amri ya smbpasswd ndiyo hurekebisha. Katika mtandao wa Active Directory, saa za mashine zikipishana kwa zaidi ya dakika tano, uthibitisho hukataliwa kwa kawaida. Seva ambayo betri yake ya saa imekufa huweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita baada ya umeme kukatika. Kwa hiyo itazame saa kabla ya kumlaumu mtumiaji.

4. Ruhusa. Hapa pana kufuli mbili: ile iliyowekwa katika mipangilio ya Samba, na ile ya folda yenyewe ndani ya diski. Iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Dalili yake ni faili kufunguka na kusomeka, lakini kukataa kuhifadhiwa.

Kuna pia jambo linalofanana na hitilafu ilhali ni tofauti ya desturi. Kwa Linux, «Dawa» na «dawa» ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina moja. Linux huruhusu alama ya kuuliza au nukta mbili katika jina la faili, Windows hairuhusu. Faili lililopewa jina la namna hiyo huweza kuonekana kwenye Windows likiwa na jina la ajabu. Halijapotea, libadilishiwe jina tu.

Fundi mwelewa hufanya nini?

Kwanza huhifadhi nakala ya faili la mipangilio. Huikagua mipangilio hiyo kwa amri ya testparm, huijaribu folda kutoka kwenye seva yenyewe kwa smbclient, na kwa smbstatus hutazama nani ameunganishwa na faili gani limefunguliwa. Kisha husoma daftari la matukio la seva, ambamo sababu ya kukataliwa mara nyingi imeandikwa. Hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kulijaribu kabla ya kwenda kwenye lingine. Ni haki yako kumwomba akuandikie alichokikuta na alichokibadilisha.

Matengenezo ya kukataa

Usikubali toleo la kwanza la SMB lirudishwe kwenye kompyuta za ofisi kwa ajili ya kifaa kimoja cha zamani. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kutumia kasoro katika namna Windows ilivyoshughulikia toleo hilo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo.

Usikubali folda ifunguliwe kwa yeyote bila nenosiri, wala ruhusa zote zitolewe kwa watumiaji wote «ili mambo yaende». Usikubali kamwe poti namba 445 ifunguliwe kwa intaneti. Anayefanya kazi kutoka nyumbani apitie VPN.

Wala usidhani kwamba Samba haihitaji masasisho kwa kuwa si Windows. Mei 2017 hiyohiyo, waendelezaji wake walitangaza na kuziba kasoro iliyomwezesha mtu mwenye ruhusa ya kuandika katika folda kuifanya seva itekeleze programu yake. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2010. Vifaa vilivyoachwa bila masasisho vilibaki nayo.

Kabla ya kununua

Muulize muuzaji maswali matatu: kifaa kinatumia SMB toleo la 3? Mtengenezaji ataendelea kukipatia masasisho hadi lini? Kikiharibika, mafaili yatatolewaje kwenye diski? Majibu yaandikwe kwenye ankara, nayo itunzwe pamoja na risiti na waranti. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji, na maandishi ndiyo ushahidi wako. Fahamu pia kwamba leseni ya Samba inampa aliyepokea programu hiyo ndani ya kifaa haki ya kuupata msimbo wake.

Ikiwa kasoro iko ndani ya programu yenyewe, itolewe taarifa kwa waendelezaji: toleo linalotumika, hatua zilizoleta kosa, na kipande cha daftari la matukio. Programu hii huboreshwa kwa taarifa za namna hiyo. Kabla ya kuituma, ondoa majina ya wagonjwa au wateja.

Tunamalizia kwa kuwakumbusha wenye ofisi kwamba taarifa zilizomo katika folda hizo aghalabu si zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezishika azilinde. Mgonjwa aliyemweleza mganga siri ya mwili wake hajui Samba wala SMB. Ametumaini tu kwamba mlango umefungwa. Basi fundi atakapokuambia kwamba folda imefunguka, muulize pia imefungukia nani.