Fahamu: Je, uchumi unaweza kukua bila kuongeza hewa ya ukaa?

Uhusiano wenyewe

Uchumi ukikua, viwanda huongeza zamu, familia hununua majokofu na matumizi ya umeme hupanda. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, hewa ya ukaa hupanda nao. Ndiyo maana kwa miaka mingi vitatu hivi vilionekana kama pete na kidole. Hata hivyo, kinachochafua anga ni kile kinachochomwa kuzalisha umeme, na hicho kinaweza kubadilishwa.

Ushahidi na pingamizi

Uingereza, iliyowasha taa za London kwa umeme wa makaa ya mawe mwaka 1882, ilifunga kituo chake cha mwisho cha aina hiyo, Ratcliffe-on-Soar, Septemba 30, 2024. Tangu 1990 uchumi wake umekua, huku gesi joto zake zikipungua kwa takriban nusu. Wapo wanaosema imehamishia tu viwanda vyake Asia. Hoja hiyo ina ukweli, ila haitoshi: hata ukihesabu bidhaa inazoagiza, uchafuzi umepungua, japo kwa kiwango kidogo zaidi.

Kwetu je?

Kule Olkaria, Kenya, mvuke wa ardhini huzungusha mitambo bila kuni wala mafuta. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mabwawa hutegemea mvua, ni kweli. Ndiyo sababu ya kuchanganya vyanzo. Na kwa anayepikia mkaa, umeme wa namna hii hupunguza moshi jikoni. Kwa hiyo kukua si kosa. Chanzo cha umeme ndicho kinachoamua.