Samadi ya Punda Kuivisha Wali Shela? Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Kupika Shela si rahisi kwa mfuko. Mitungi ya gesi inavuka maji kwa boti, na nauli yake iko ndani ya bei. Huku vichochoroni punda wanapita kutwa wakiacha samadi ya bure. Je, haiwezi kuivisha wali?

Inaweza. Lakini kabla hujamtumia fundi hata shilingi moja, tupige hesabu pamoja.

Biogesi inafanyaje kazi?

Samadi inachanganywa na maji, sawa kwa sawa, kisha inamwagwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa. Humo vijidudu vinaiozesha na kutoa gesi, ambayo sehemu kubwa ni methani. Bomba linaipeleka jikoni. Uji unaobaki ni mbolea nzuri ya minazi na mchicha.

Hesabu ya Shela

Samadi: Kilo 25 hivi za samadi ya ng'ombe kwa siku zinatoa gesi ya kuwasha jiko moja kama saa mbili. Ya punda pia inafaa, ila ina nyuzi nyingi na huoza polepole. Hesabu ile unayoizoa zizini tu. Ya njiani si yako.

Maji: Kilo 25 za samadi zinataka karibu lita 25 za maji kila siku. Maji matamu ya hapa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mji wa Lamu pia unayategemea. Maji ya kuoshea mchele yanasaidia. Ya sabuni usiyatie, yanaua vijidudu.

Pesa: Fungua taarifa ya miamala kwenye simu yako, ya miezi mitatu. Jumlisha ulicholipia mkaa na gesi, ongeza ulicholipa taslimu. Linganisha na bei ya mtambo, pamoja na boti na punda wa kubeba vifaa.

Ukiamua, lipa hivi

1. Patana na fundi mlipane kwa awamu, na muandikiane.
2. Lipa kwa Till au Paybill ya biashara. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. PIN usimpe mtu, hata fundi.
3. Awamu ya mwisho ingoje moto uwake. Gesi ya kwanza huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usimalize deni siku tangi linapofukiwa.
4. Usifute ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako kukitokea mzozo.

Kwa hiyo, inakufaa?

Kama una punda mmoja na maji unanunua kwa mtungi, jibu kwa sasa ni bado. Kama una zizi la ng'ombe na kisima, au majirani wako tayari kuchanga samadi na pesa kupitia chama, biogesi inastahili kufikiriwa. Anza leo na ile taarifa ya miezi mitatu: itakuonyesha jikoni kwako kunakula kiasi gani.