Pikipiki Kuukuu za Gusii (Sehemu ya Pili): Injini Zilizotoka Mbali

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu iliishia mwaka wa fedha wa 2007/2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile zisizofika cc 250. Kilichofuata kilionekana barabarani. Mwaka wa 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 5,000. Mwaka wa 2011 pekee zilipita 140,000. Kisii na Nyamira zilizipokea kwa mikono miwili, na sababu haikuhitaji mtafiti: vilima. Baiskeli ya bodaboda iliyozaliwa Busia, mpakani na Uganda, ilipendeza kwenye ardhi tambarare. Huku Gusii, mji wa Kisii wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na anayeelekea mashariki kupitia Keroka huzidi kupanda hadi kwenye majani chai ya Nyamira, ambako sehemu kadhaa hupita mita 2,000. Mwendeshaji wa baiskeli angewezaje kupanda huko na mzigo wa ndizi au abiria mnene?

Leo tunauliza swali jingine. Pikipiki hizi zilitoka wapi, si kwa maana ya duka, bali kwa maana ya ukoo? Jibu linapitia Italia, India, Japani na China kabla ya kufika soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Tena linaonyesha kwamba fundi wa jua kali wa Suneka au Kebirigo, bila kuambiwa na mtu, hufanya kila siku kazi ambayo kwingineko watu huilipia pesa nyingi na kuiita hifadhi ya historia.

Tuanze na Italia. Mwaka wa 1946 nchi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, na kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera, kilichounda ndege za kivita, kilikuwa kimepigwa mabomu. Enrico Piaggio alihitaji kitu cha kuwauzia watu wasioweza kununua gari. Kazi akampa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo: zilimwagia watu oili kwenye nguo, cheni ilikuwa wazi, na tairi likipasuka kulibadilisha kulikuwa adhabu. D'Ascanio akaitupa cheni kabisa, akaipachika injini pembeni mwa gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja wa chuma, upande mmoja tu, kama linavyoshikwa gurudumu la ndege. Hataza ya Vespa iliwasilishwa tarehe 23 Aprili 1946. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya cc 98, na mbio zake zilifika kama kilomita 60 kwa saa.

Miaka miwili baadaye, 1948, Piaggio iliongeza gurudumu la tatu na sanduku la mizigo, ikapatikana Ape. Abiria anayepanda tuktuk ya Piaggio leo, iwe Kisii, Kisumu au Mombasa, amekaa ndani ya wazo hilo la 1948, ingawa chombo chenyewe sasa hutoka kwenye kiwanda cha Piaggio kule Baramati, India.

Vespa zenyewe hazikuzoeleka sana Kenya bara kama zilivyozoeleka pwani na visiwani. Unguja bado zinapita Mji Mkongwe, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko anayeziendesha. Gusii walizoea vyombo vya namna nyingine: Suzuki A100, Yamaha DT na Honda ndogo, pikipiki za afisa wa kilimo, za mwalimu mkuu, za padri aliyekwenda kusomea misa vigango vya mbali. Zile Suzuki na Yamaha zilikuwa za mipigo miwili, kama Vespa. Zilichoma petroli pamoja na oili, zikitoa moshi wa samawati, na mlio wake ulitambulika kabla mwenyewe hajakata kona.

Hata hivyo damu ya Pontedera ilifika huku kwa njia ya kuzunguka. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kuunda Vespa kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkataba ulipokwisha mwaka wa 1971, Bajaj haikufunga milango. Mwaka uliofuata ilitoa skuta yake yenyewe, Chetak, ambayo mtu yeyote anayeijua Vespa angeitambua kwa umbo. Kwa skuta hizo na magari yake ya magurudumu matatu Bajaj ikajifunza kuunda vyombo vingi kwa bei ya chini, ikapata mtaji, na katika miaka ya 1980 ikashikana na Kawasaki ya Japani kuunda pikipiki zenyewe. Boxer imetoka kwenye ushirikiano huo. Boxer ndiyo ile inayosubiri abiria kwenye steji ya Keroka, tangi limefunikwa ngozi ya bandia, mwavuli juu.

Ukoo wa pili ni muhimu zaidi kwa fundi, na hapa inafaa kutua kidogo.

Kabla ya katikati ya miaka ya 1970 Honda iliuza katika nchi zinazoendelea pikipiki ya cc 125 ambayo kamshafti yake, mhimili unaofungua vali, ilikaa juu, kichwani mwa injini. Ni muundo mzuri, lakini kamshafti ya juu hutegemea oili safi inayosukumwa mpaka kileleni. Mwenye pikipiki akichelewa kubadilisha oili, au akibeba watu wanne na gunia, kamshafti hulika. Mhandisi wa Honda alitumwa Thailand, Iran na Pakistan kuona watu wanavyozitumia, akarudi na ukweli usiopendeza kiwandani: huko pikipiki ni lori la familia, na oili hubadilishwa pesa zikipatikana. Honda haikuwalaumu wateja. Iliunda injini upya. Katika pikipiki mpya, CG125, kamshafti ilishushwa chini, karibu na oili, ikapewa jino moja tu la kusukuma vali zote mbili kupitia fimbo ndefu. Silinda ilikuwa na kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni ilisafiri milimita 49.5. Vipande vilikuwa vichache na vya kuharibika ni vichache zaidi.

Viwanda vya China vilipoanza kuunda pikipiki kwa wingi, injini hiyo ndiyo viliyoiga. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizofika Gusii, ziwe na jina gani ubavuni, ukizifungua ndani ni ndugu wa CG. Ringi za hii huingia kwenye silinda ya ile, klachi ya ile hukaa kwenye hii. Kijana aliyejifunza kufungua injini moja nyuma ya soko la Ogembo amejifunza karibu zote.

Lakini injini iliyokusudiwa kuvumilia haikukusudiwa vilima vya Manga. Hapo ndipo ujenzi halisi unapoanza. Pikipiki ikitoka dukani huenda ikawa na sproketi ya meno 14 mbele na 42 nyuma. Maana yake, ile ya mbele ikizunguka mara tatu, gurudumu la nyuma huzunguka mara moja. Fundi akiweka meno 13 mbele na 45 nyuma, ya mbele itazunguka karibu mara tatu na nusu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Nguvu ya kupanda imeongezeka kwa takriban asilimia 15, na kasi ya barabara tambarare imepungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mwendeshaji anayebeba chai mbichi kutoka kituo cha kununulia hadi barabara ya lami hatalalamika kupoteza kasi ambayo hakuwa na mahali pa kuitumia. Anachotaka ni kupanda na gea ya pili bila kuibanabana klachi mpaka inukie.

Kisha huja welda. Kariya ya kiwandani hukatwa, ikaongezwa urefu kwa mabomba na nondo, ikafungwa kwenye fremu kwa vipande vya bati nene mahali ambapo uzoefu umeonyesha kwamba fremu hupasuka. Kuna kariya ya ndizi, pana na ya chini ili mkungu ulale. Anayebeba kreti za soda huitaka yenye kingo. Kule Tabaka, ambako jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa, mzigo ni mdogo kwa umbo lakini mzito kupita kiasi, na ukiwekwa nyuma sana gurudumu la mbele huinuka kwenye mlima na usukani hauna kazi tena. Kwa hiyo kariya ya mawe husogezwa mbele, karibu na mgongo wa dereva, na shokomzoba za nyuma huongezewa springi nyingine. Hakuna mchoro wa kiwanda unaofundisha haya. Yamepatikana kwa kuvunjika na kuunganishwa tena.

Huko kaskazini mwa Ulaya, Denmark, Sweden na Norway, wapo wapenzi wanaofanya jambo la jamii moja na hili kwa mapenzi tu. Majira ya baridi yanapofunga barabara kwa theluji, hujifungia gereji wakifungua Ducati, Moto Guzzi au MV Agusta za miaka ya 1950 na 1960, wakitafuta kabureta ya mwaka uleule, wakitengeneza kwa mashine kipande ambacho hakiuzwi tena popote. Kiangazi hukutana wakashindana. Wadenmark wana pikipiki yao pia, Nimbus, iliyoundwa kuanzia 1919 hadi 1960. Nyingi bado zinatembea kwa sababu wamiliki walijiunga katika klabu, wakatunza michoro, wakaendelea kuagiza spea kwa pamoja. Historia ya pikipiki za Sweden na Italia nayo imefungamana: Husqvarna, fahari ya Sweden katika mbio za matopeni, kitengo chake cha pikipiki kiliuzwa kwa Cagiva ya Italia mwaka wa 1987.

Tofauti kati ya gereji ya Stockholm na banda la mabati la Nyansiongo haiko katika ustadi wa mikono. Iko katika kumbukumbu. Mwenye MV Agusta ana kitabu cha kiwanda, namba ya injini inayolingana na ya fremu, na karatasi za kila aliyewahi kuimiliki. Fundi wa Gusii ana yote kichwani, na siku akiacha kazi yanaondoka naye.

Vyombo vyenyewe vinaondoka pia. Suzuki ya mipigo miwili iliyoegemezwa ghalani kwa babu huko Ekerenyo huonekana kama chuma tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani yake, huuzwa kwa kilo. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 ilikuwa ikilinda nguzo za umeme na miundombinu mingine. Mei mwaka huohuo biashara ikaruhusiwa tena, na mizani ikarudi. Hakuna aliyefikiria kwamba katika marundo yale mna pia ushahidi wa jinsi afisa wa kahawa, mhubiri na mkunga walivyofika vijijini kabla ya lami. Hasara hiyo haitarekebishwa na pesa za miaka ijayo, kwa sababu kilichoyeyushwa hakirudi.

Kenya haina upungufu wa watu wanaothamini vyombo vya zamani. Tangu 1970 klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo jijini Nairobi imekuwa ikiandaa maonyesho ya Concours d'Elegance, na pikipiki zina nafasi yake humo pamoja na magari. Waamuzi huchungulia usafi wa injini, hali ya fremu na jinsi chombo kinavyowaka na kutembea. Fundi anayeweza kuifufua Honda iliyokaa miaka ndani ya banda la kuku anao ujuzi unaotakiwa pale. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kwenye pikipiki ya namna hiyo asipake rangi mpya juu ya nembo, wala asiitupe kabureta ya awali hata kama ameweka ya Kichina.

Taasisi ya kulianza jambo hili iko karibu. Kisii National Polytechnic, zamani Gusii Institute of Technology, inafundisha ufundi wa magari, na mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, tayari humruhusu fundi wa jua kali kupimwa kwa anachokijua bila kurudi darasani. Chumba kimoja chenye injini chache zilizokatwa ubavu ili ndani paonekane, CG moja ya Kijapani kando ya nakala zake za Kichina, Suzuki A100, na skuta moja ya ukoo wa Vespa, kingewapa wanafunzi somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa. Pia mafundi wazee wangealikwa kueleza huku wakirekodiwa, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, kabla muda haujapita. Serikali za kaunti hutumia fedha nyingi kujenga vibanda vya bodaboda vya kujikinga na mvua. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kwa kazi hii.

Limebaki suala la mbio. Gusii haina uwanja wa pikipiki. Kijana anayetaka kushindana kwa halali hana budi kutazama Jamhuri Park jijini Nairobi, au ng'ambo ya mpaka, Garuga karibu na Entebbe, ambako motokrosi ina watazamaji wengi na watoto huanza wakiwa wadogo. Gharama yake ni kubwa, na pikipiki za michezo hiyo haziuzwi kwa mkopo wa bodaboda. Hata hivyo mwendeshaji aliyezoea kushuka mteremko wa udongo mwekundu baada ya mvua, injini ikiwa kwenye gea ya kwanza ili imsaidie kushika mwendo bila kuchoma breki, amejifunza somo la kwanza la mchezo huo akiwa kazini. Kinachohitajika ili ujuzi huo uhamie uwanjani, kuanzia ardhi, bima na helmeti hadi wadhamini, ndicho kitakachojadiliwa katika sehemu ya tatu, pamoja na pikipiki za umeme na jinsi betri inavyofanya kazi kwenye mlima.