Usalama wa Dawa Wodini (3): Vichupa Viwili Vinavyofanana

Juma lililopita tulieleza mambo matano ambayo muuguzi huyahakiki kabla ya kumpa mgonjwa dawa: mgonjwa mwenyewe, dawa, dozi, njia na wakati. Leo tuangalie kinachoweza kumponyoka hata anayeyajua yote matano.

Chukua vichupa viwili vya plastiki vya mililita 10. Kimoja kina maji ya kuchanganyia dawa ya unga, kingine potasiamu kloridi ya asilimia 15. Vyote ni vyeupe kama maji ya mvua, na maandishi yake huna budi kuyasogeza karibu na macho hata mchana. Sasa vichanganye kwenye kisanduku kimoja juu ya troli, iwe saa tisa usiku, na muuguzi awe peke yake wodi nzima.

Kichupa cha potasiamu kina gramu 1.5 za dawa. Ikichanganywa vizuri kwenye dripu ya lita nzima na kuingia polepole kwa saa kadhaa, humfaa mgonjwa aliyepungukiwa na madini hayo kwa kuhara na kutapika. Ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa, moyo unaweza kusimama palepale.

Kumwambia muuguzi huyo awe makini hakutoshi. Macho yaliyochoka husoma yanachotarajia kukiona, na huo si uzembe, ndivyo tulivyoumbwa. Mwaka 2002, tahadhari ya kwanza kabisa ya wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza ilihusu potasiamu hii: iondolewe kwenye rafu za wodi za kawaida, ifungiwe kabatini, mbali na vichupa vinavyofanana nayo. Kwangu mimi hatua hiyo inashinda semina kumi. Kisichokuwepo kwenye troli hakiokotwi kwa bahati mbaya.

Kinga nyingine ni muuguzi wa pili, nayo tunaiharibu wenyewe. "Sista, hii ni miligramu 15, eti?" Mwenzake, mikono ikiwa kazini, anajibu, "Ndiyo." Huyo hajahakiki, ameitikia tu. Mpe faili na kichupa, usimtajie jibu lako, apige hesabu yake, kisha mlinganishe.

Hesabu zenyewe si nyepesi. Mtoto mchanga wa kilo 3 ameandikiwa gentamisini, miligramu 5 kwa kila kilo. Jumla ni miligramu 15. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo anahitaji mililita 0.375, ambayo huwezi kuipima vizuri ila kwa bomba dogo la mililita 1. Nukta ikihama hatua moja tu, inakuwa mililita 3.75, na kichupa kimoja hakitoshi. Mkono unaponyooka kuchukua kichupa cha pili kwa ajili ya mtoto wa kilo 3, hapo simama, rudi kwenye faili, uanze hesabu upya.